Hapa Hatuamkiani

Kanuni za jukwaa letu aliziandika kaka yangu, na ni kanuni nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akisoma mpaka mwisho anaweza kudhani nina kinyongo nazo. Kinyongo ninacho, ila si na kanuni.

Jukwaa hilo ni la wakulima na wafugaji wa Mbulu na Hanang, lipo mtandaoni. Mtu anaandika swali lake, maharage yana ukungu au ndama anaharisha, na wanachama wanamjibu hapo chini, kila mwenye simu anasoma. Kaka ana duka la pembejeo Katesh, mbegu na dawa na mabomba ya kupulizia, na watu walikuwa wakimpigia simu kutwa kumuuliza mambo yaleyale. Ndiyo maana yeye na wenzake wakaanzisha jukwaa. Mwanzoni palikuwa vurugu tupu. Mtu anauliza dawa ya kupe, mmoja anamwambia auze ng'ombe anunue bodaboda, mwingine anamtukana kwa kutojua kuandika, wa tatu anaweka picha ya harusi ya shemeji yake. Wenye maswali ya kweli wakaanza kuondoka kimyakimya. Kaka akakaa chini akaandika kanuni. Soma swali mpaka mwisho kabla hujajibu. Jibu kilichoulizwa. Usiandike kwa herufi kubwa kama unayemfokea mtu. Usiweke picha bila maelezo. Ukisaidiwa, rudi ushukuru. Usimkosoe mtu mbele ya watu. Kama amekosea, mfuate pembeni.

Hiyo ya mwisho niliisoma nikiwa ofisi ya walimu, wakati wa mapumziko, nikaiweka simu mezani. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana. Lakini nilijua kanuni ile imetoka wapi. Ilitoka uani kwetu, Nambis.

Mwaka kaka alipomaliza chuo cha kilimo alirudi nyumbani, na mavuno yalipofika tukaitisha kazi ya kupiga maharage. Kwetu watu bado wanasaidiana: unapika, unaandaa pombe, majirani wanakuja na fimbo zao, na kazi ikiisha wazee wanakaa wakiegemea ukuta wanazungumza. Siku hiyo baba alikuwa analalamikia chemchemi ya chini ya shamba. Ilikuwa imekauka, na vitunguu saumu vya upande ule vilikuwa vinakufa kwa kiu. Alisema mvua zimebadilika. Wazee wakakubali, kweli zimebadilika. Kaka alikuwa amesimama karibu na lundo la maganda, jasho linamtiririka, akasema kwa sauti ya darasani, "Si mvua. Ni mikaratusi yako, baba. Wewe mwenyewe ndiye uliyeikausha chemchemi."

Mikaratusi ile baba aliipanda alipojenga nyumba, safu moja ndefu juu ya chemchemi. Ilikuwa imerefuka kiasi kwamba mgeni anayetoka Mbulu mjini alielekezwa kwetu kwa kuambiwa atafute miti. Baba alikuwa haruhusu mtu akate hata fimbo pale. Alichosema kaka kilikuwa kweli, na nadhani baba alikuwa anakijua kabla ya kuambiwa. Lakini mzee mmoja alicheka. Kicheko kile ndicho kilichotuharibia nyumba. Baba aliweka kibuyu chake chini, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Mimi sina mwana wa kunijibu mbele ya watu," alisema. Hakupaza sauti hata kidogo.

Asubuhi yake kaka alifunga begi akaondoka bila kumwamkia. Kwetu kumpita baba yako asubuhi bila shikamoo ni jambo ambalo hata mlevi hathubutu.

Alikwenda Katesh, akapanga chumba, akafungua duka, akaoa. Hakurudi. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwavuta masikio wale wawili. Mimi nilihamishiwa shule ya huku kwetu nikawa nakaa na baba, katikati ya vichwa viwili vigumu, kimoja uani na kingine kwenye simu.

Kaka nilikuwa naongea naye kila mara. Namwamkia, "Shikamoo kaka," naye anaitikia marahaba kwa raha zake zote. Halafu ananiuliza mzee anaendeleaje. Namwambia mpigie umuulize.

"Alisema hana mwana," anajibu. "Sasa shikamoo nitampa kama nani?"

Baba naye nikimwambia ampigie, alinitazama kana kwamba nimemwambia atembee kwa mikono. "Mimi ndiye nianze? Nimwambieje, shikamoo mwanangu?" Na hapo, kusema kweli, alikuwa na haki. Kwetu mkubwa haanzi. Mkubwa anakaa, anaamkiwa, anaitikia, na kabla hajaamkiwa hana mahali pa kuingilia kwenye mazungumzo. Unaweza kucheka, lakini ndivyo tulivyolelewa, na sikuwahi kumwona baba akilivunja hilo.

Kanuni ya kutoamkiana jukwaani ilikuja baadaye, kwa kisa cha kuchekesha. Mtandaoni huoni uso wa mtu. Mwanachama mmoja alikuwa ameweka picha ya marehemu babu yake kando ya jina lake, basi kila akichangia watu wanamwamkia, naye anaitikia marahaba bila aibu. Siku moja mwalimu mstaafu wa Dongobesh, mtu mzima mwenye wajukuu, akamwamkia kwa unyenyekevu wote kabla ya kumuuliza habari za mbegu ya ngano. Akaitikiwa vizuri tu. Ilipojulikana kuwa mwenye picha ni kijana ambaye hata ndevu hazijamkaa sawa, jukwaa liliwaka moto. Kuna waliodai warudishiwe shikamoo zao. Ndipo kaka akaongeza: Hapa hatuamkiani, kwa sababu hatujui umri wa mtu. Andika habari, halafu swali lako.

Watu walimsifu kwa busara, na mimi nilicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba kanuni ile itakuja kutukaba sisi.

Macho ya baba yalikuwa yamefifia, maandishi ya simu hayaoni. Alianza kuulizia jukwaa kwa sababu alinisikia nikicheka peke yangu baada ya chakula cha jioni. "Unacheka na nani?" Nikamsomea. Akauliza aliyejibu ni nani. Nikamwambia. Akasogeza kuni motoni, halafu akasema, "Soma na lingine."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Baridi ya kwetu haina huruma, kwa hiyo tulikaa karibu na moto, nami nikamsomea jinsi mwanawe anavyowajibu watu. Mama mmoja wa Yaeda Chini aliandika kwa shida, maneno yameshikana yote, kwamba mbuzi wake wanatupa mimba. Kaka alimuuliza taratibu wanakunywa maji wapi, wamechangamana na mbuzi wa nani, bila kumharakisha. Mwisho akampa pole na kumwelekeza aende kwa mtaalamu wa mifugo wa kata yake. Baba alisikiliza mkono ukiwa shavuni.

"Anajibu vizuri," akasema. "Hamwaibishi mtu."

Kisha akaingia kulala mapema kuliko kawaida. Roho iliniuma. Nilitaka kumpigia kaka palepale nimwambie kwamba wageni wa Hanang nzima wanakula heshima yake huku baba yake mzazi analala na njaa.

Siku nyingine nilimsomea kanuni zenyewe. Nilipofika kwenye ile ya kutomkosoa mtu mbele ya watu, akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Hiyo ni yangu," akasema.

Haikupita muda akanipa simu yake, akaniambia nimwingize jukwaani. Ukijiandikisha unachagua jina la kutumia, na wengi hawatumii majina yao. Nikamuuliza anataka kuitwa nani. Akataja jina la maksai wetu wa zamani, maksai mwekundu aliyekufa kitambo, ambaye kaka ndiye aliyekuwa akimtangulia mbele ya plau alipokuwa mdogo. Jina lile halijulikani nje ya boma letu. Nilielewa anachofanya. Mzee hakuweza kuanza kumsalimu mwanawe, lakini alikuwa anajisogeza mahali ambapo mwanawe atamwona.

Swali lake alilitamka kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, nikaliweka kwa Kiswahili. Alisema ana mikaratusi juu ya chemchemi, na chemchemi imekauka. Anaomba kujua kama ni miti iliyoikausha, na kama akiikata maji yatarudi.

"Baba, si unalijua jibu?"

"Nalijua."

"Sasa unauliza nini?"

"Wewe andika, mwalimu." Akiona haya aliniita mwalimu.

Alikuwa anampa mwanawe nafasi ya kumjibu mbele ya watu, tena watu wengi kuliko wale wa siku ya maharage. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ile na sijawahi kumsikia baba akimwomba mtu radhi. Hii ndiyo ilikuwa radhi yake. Nilibonyeza kutuma.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, na kaka ndiye aliyejibu. Lilikuwa jibu zuri kama yote anayowapa watu. "Habari mkulima. Asante kwa swali lako, wengi wana tatizo kama hili. Mikaratusi hunywa maji mengi, na ikiwa karibu na chanzo inaweza kukikausha. Ukiiondoa na kupanda miti ya asili, maji huenda yakarudi, ila huchukua muda. Usivunjike moyo. Karibu uulize tena."

Nilimsomea baba jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, kama kanuni inavyotaka.

"Hajaniamkia," akasema.

"Pale hawaamkiani, baba. Kuna sheria."

"Sheria ya nani?"

Nikamwambia ya nani.

"Jina la maksai amelisoma?"

"Lipo juu ya swali, haliwezi kumpita."

"Basi amenijua." Akajivuta blanketi mabegani. "Amenijua, na ameniita mkulima."

Nilimwomba anipe neno moja tu, asante, niliandike nilale kwa amani. Alikataa. Hajaamkiwa, sasa anaitikia nini? Nikampigia kaka. Hakujificha. Jina la maksai alilitambua mara tu alipoliona, akamwachia mke wake wateja, akaenda kukaa nyuma ya magunia ya mbolea. Aliniambia lile jibu aliliandika akalifuta, akaliandika akalifuta.

"Nimemjibu vibaya?" akaniuliza.

"Umemjibu vizuri. Lakini hukumwamkia."

"Pale hatuamkiani, dada. Mimi ndiye niliyeweka. Nikiivunja mimi, nani ataifuata?"

"Ni baba yako."

"Basi aseme hata asante. Watu nisiowajua kabisa wanarudi kusema asante." Badala ya kumhurumia nilimwambia yeye ni mjinga mwenye adabu, nikakata simu.

Lakini kweli ndivyo ilivyokuwa. Wote wawili walikuwa na adabu. Mmoja alishika adabu ya nyumbani, mwingine adabu ya jukwaani, na kila mmoja alikaa na yake kifuani akimngoja mwenzake. Watu wakorofi wangeshatukanana, wakachoka, wakala pamoja. Hawa wangu waliheshimiana mpaka wakapotezana.

Waliochoka kungoja ni wanachama. Mmoja akaandika chini ya jibu la kaka: "Mkulima, umesaidiwa bure, hata asante inakushinda?" Mwingine akasema watu wa namna hii ndio wanaowakatisha tamaa wasimamizi. Wa tatu akaja na herufi kubwa tupu. Sikutaka kumsomea baba, ila alinisikia nikisonya, na mimi sina uso wa kuficha kitu. Nikamsomea yote. Matusi yale hayakumshughulisha. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kaka naye ameandika.

Alikuwa ameandika. "Tusimkosoe mtu mbele ya watu. Mada hii nimeifunga." Mada ikifungwa hakuna anayeweza kuongeza neno chini yake, hata mwenye swali.

"Amenitetea," baba akasema.

"Na mlango amekufungia."

"Yote mawili," akasema, na nilimwona akitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyepewa kipande.

Kiangazi kilipoingia aliita mafundi wa msumeno wakakata mikaratusi yote. Hakuniambia chochote kabla. Majirani walinisimulia kwamba alikaa kwenye kiti tangu asubuhi akiitazama inavyoanguka, na waliomuuliza kama anauza nguzo aliwajibu hapana, anatafuta maji. Niliporudi kutoka shule nilikuta anga tupu juu ya nyumba na visiki vyeupe chini. Nilisimama njiani nikalia kwa sababu kwetu hapakuwa kwetu tena. Baba akaniambia niache kulia, nichukue simu yake nipige picha.

"Iweke kule," akasema.

"Niandike nini?"

"Usiandike kitu. Ataona."

"Picha bila maelezo hairuhusiwi, baba."

"Maelezo alishayatoa yeye."

Nikaiweka kwa jina la maksai, bila neno lolote. Asubuhi haikuwepo. Msimamizi mwingine, si kaka, alikuwa ameiondoa na kuacha ujumbe kwamba mada imeondolewa kwa kukosa maelezo, tafadhali soma kanuni. Siwezi kumlaumu mtu yule, alifanya kama alivyoambiwa. Kaka alikuwa safarini kufuata mzigo wa dukani, na picha hakuiona kabisa.

Nilimwambia baba imetolewa. Alicheka mpaka akakohoa. "Miti yangu yote ile wameitoa?" Nikasema basi nampigia kaka nimweleze kwa mdomo. Akanikataza, na kwa ukali ambao nilikuwa nimeanza kuusahau. Hakutaka kuombewa na mtu. Alisema kaka atakuja siku moja, na akija ataviona visiki mwenyewe, hapo hakuna wa kuvitoa. Nikamtii.

Kikohozi kile cha kicheko hakikuondoka. Mvua zilipoanza kikashuka kifuani, nikampeleka hospitali, wakamlaza, kisha wakamruhusu kwa namna ile ya upole ambayo watu wa hospitali hutumia pale ambapo hawana zaidi la kufanya. Nikampigia kaka nikamwambia njoo. Akasema atakuja, ila barabara ya huku imeharibika kwa mvua, malori yamekwama. Barabara ilikuwa imeharibika kweli, lakini mimi namjua kaka yangu. Nikamngoja mpaka akasema la moyoni.

"Nikifika nikamwamkia, akanyamaza mbele ya watu, nitakwenda wapi, dada?"

Miaka yote ile nilidhani ana kiburi. Kumbe alikuwa na hofu tu. Kanuni zote zile, upole wote ule kwa watu asiowajua, ulikuwa wa mtu anayeogopa kuachwa amesimama na salamu yake mdomoni.

Asubuhi nilipokuwa nikimnywesha baba uji nilimuuliza. "Kaka akikuamkia, utamwitikia?"

Alinishangaa kweli. "Mtu aniamkie ninyamaze? Mimi ni mtu wa namna gani?" Alipumzika, pumzi ilikuwa haimtoshi. Kisha akasema, "Akiniamkia na mimi sipo, umwitikie wewe. Useme ni mimi."

Nikatoka nje nyuma ya zizi, ambako mtandao unakamata, nikampigia kaka nikamwambia: atakuitikia, amesema mwenyewe, njoo sasa hivi. Sikumwambia yale ya mwisho. Kaka aliondoka Katesh siku hiyohiyo akizungukia Babati, kwa kuwa njia ya huku haikupitika. Baba alifariki mchana, mvua inapiga bati, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Kaka alikuwa bado njiani na simu yake haikupatikana.

Gari lilimshusha mbali kwa sababu ya tope, akaja kwa miguu. Alikuja akitazama juu kutafuta miti. Akapita njia ya kwetu bila kuijua, akaenda mbele mpaka kwa watu, ikabidi aulize kwao ni wapi. Mama aliyemuuliza alimshika mkono akampa pole. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba baba hayupo.

Aliponikuta mlangoni hakulia. "Miti iko wapi?" akaniuliza.

"Ulimwambia aikate."

Alinitazama. Nikamweleza habari ya picha, kwamba iliwekwa na ikaondolewa. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia jambo kwa lugha ngeni. Akashuka kwenye visiki, akakaa juu ya kimojawapo huku mvua inamnyeshea, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Baadaye akapanda kuwasalimu wazee waliokaa msibani, akainama kwa kila mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo, na wote wakamwitikia. Yule mzee aliyecheka siku ya maharage alikuwepo pia, akaitikia akiangalia chini.

Tulizika. Kaka akarudi Katesh dukani, nami nikarudi darasani. Simu ya baba niliendelea kuitia chaji na kuibeba kwenye mkoba, wala usiniulize kwa nini. Chemchemi haijarudi mpaka leo.

Siku moja wakati wa mapumziko simu ile ikalia mlio wa jukwaa. Nikaitoa. Ile mada ya mikaratusi ilikuwa imefunguliwa. Chini ya swali la baba, chini ya jibu, chini ya wale wote waliomsema kwa kukosa asante, kaka alikuwa ameandika kwa jina lake analotumia pale, linalojulikana na kila mwanachama: "Shikamoo baba."

Watu walikuwa wameshamvamia. "Msimamizi, kanuni!" Mmoja aliweka vikatuni vya kucheka. Mwingine akaandika kwamba leo mkubwa amejisahau, naye afungiwe kama wengine. Hawakujua, na hakuna kanuni ya kumfanya mtu ajue. Kaka hakumjibu hata mmoja.

Nami nilikasirika. Nasema kama ilivyokuwa: nilitamani salamu ile ikae palepale bila jibu, siku baada ya siku, aone inavyokuwa kungoja. Kengele ikalia, nikaingia kufundisha kugawanya, na sijui niliwafundisha nini watoto wale. Kipindi kilipoisha nikatoka nikasimama barazani na simu ya baba mkononi. Nikaandika neno moja, marahaba, nikalituma kwa jina la maksai.

Haikuchukua muda simu ikaita. Ilikuwa namba ya kaka, namba ambayo haikuwahi hata mara moja kuipigia simu ile. Alijua fika nani anaishika. Nikaiweka sikioni na sikusema haloo.

"Baba," akasema. "Visiki nimeviona."

Akaanza kulia, kilio cha mtu mzima ambacho hakijui pa kupitia, na katikati yake akawa anasema na baba maneno mengi, mengine nikiyasikia na mengine yakimezwa. Sikumkatiza wala sikumjibu. Nilishika simu mpaka alipomaliza mwenyewe. Mimi nilikuwa nimetumwa kuitikia salamu tu.